Sikuwemo Kwenye Daftari la Wakulima

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Nimeombwa niseme yaliyonipata, nami nitasema, ila majina ya watu niacheni nayo.

Mimi ni mjane, nalima mpunga huko deltani pamoja na mama mkwe wangu. Mpunga ukichanua tunahamia shamba, tunakaa juu dunguni, tunaamia ndege wasile mpunga, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Kiboko naye akija, ni sisi na debe letu la kupiga kelele.

Basi kijiji kikatangaza kuwa bonde litagawanywa upya. Watakaopata eneo na kuchagua kamati ni wakulima walioandikwa kwenye daftari. Nikatulia. Nihofu nini?

Orodha ikabandikwa ofisini. Nikasoma, nikarudia. Silioni jina langu. La mama mkwe, hakuna. La shemeji yangu aliyeajiriwa Kibiti mjini, ambaye shamba analijua siku ya mchele mpya, lipo! Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa chini vumbini.

Kwenye mkutano nikamwakia mtendaji wa kijiji, aliyeandika daftari lile. "Mtendaji, umenidhulumu!"

Hakubishana. Akafungua daftari lake. "Dada, njoo usome mwenyewe."

Nikasoma: "Kazi: hana." Na sahihi yangu chini yake.

Hapo ndipo nikakumbuka. Siku ya kuandikisha alinikuta uani napepeta mpunga, akaniuliza kazi yangu. Nikamjibu, "Sina kazi, baba, nalima tu," nikatia sahihi bila kusoma. Mama mkwe naye kajibu vivyo hivyo. Jamani! Nimejidhulumu kwa mdomo wangu, ungo ukiwa mkononi!

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema asiyeandikwa hana kura, nikae. Nikakaa, nalia, shamba naliona linakwenda.

Akasimama mwalimu mmoja wa kike, mtu wa bara. "Mwenyekiti, naomba kila mwanamke aliyevuna mpunga msimu huu asimame." Wakasimama wengi, mkutano ukajaa kanga. "Sasa waliomo kwenye daftari wakae." Mnajua walikaa wangapi? Wawili. Kicheko kikakatika. Hata mtendaji alishika kichwa. Tulikuwa tumejifuta wenyewe, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyejua.

Mkutano ukaamua daftari liandikwe upya. Shamba letu lipo, na leo mimi ni mjumbe wa kamati ya bonde.

Namshukuru mwalimu yule. Namshukuru na mtendaji, hakuona aibu kurudi kuuliza tena. Nawaomba, mkitoka hapa nendeni mkaulize mmeandikwaje, maana anayegawa ardhi hasomi viganja, anasoma karatasi.

Mtendaji alipomsomea mama mkwe alivyoandikwa safari hii, "Kazi: mkulima," bibi wa watu aliyezeekea matopeni alimtazama kwa mshangao, akauliza, "Mkulima? Nani, mimi?"