Mashine Isiyojua Kusubiri

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo chetu, wahadhiri wetu, wazazi mliofunga kazi zenu kuja kutusikiliza, na wanafunzi wenzetu mlioahidiwa soda:

Kabla hatujakukaribisha tunakuomba radhi, na tunakuomba usiangalie saa. Risala hii itasimama njiani mara nyingi, kwa sababu msomaji wetu ana kigugumizi. Akinyamaza usidhani karatasi imepotea, na tafadhali asitokee mtu mwema wa kummalizia neno. Ndivyo tulivyokubaliana naye. Tulikubaliana pia kwamba risala imzungumzie yeye mwenyewe kana kwamba ni mtu mwingine, jambo ambalo halipendi hata kidogo, ila kura zilimshinda.

KARIBU

Karibu tena, mgeni rasmi. Mwaka jana ulikaa kiti hichohicho, ukacheka tulipochekesha na ukapiga makofi kuliko mtu yeyote ukumbini. Tumefurahi kwamba umerudi, na hatukufichi, tumeogopa pia. Sababu utaisikia.

Sisi ni wanafunzi wa pande mbili. Kuna wa kompyuta na kuna wa historia, lugha na falsafa, na chumba chetu ni kile kilicho nyuma ya maktaba, zamani stoo ya viti vibovu. Viti bado vimo, na sisi ndio tunaovikalia. Kila mwezi tunafungua mlango na kualika yeyote apitaye aje kuona kazi ya jozi moja: mtu wa mashine na mtu wa maneno, kitu kimoja walichokitengeneza pamoja.

TULIKOANZIA

Waasisi wetu walikutana kwa ugomvi. Walikuwa wawili, maktabani, na soketi ya umeme ilikuwa moja. Wa kompyuta alitaka kumalizia programu yake. Wa fasihi alikuwa na simu inayokufa, na ndani ya simu kulikuwa na mazungumzo aliyoyarekodi na babu yake. Walibishana kipi kina haraka zaidi, mpaka mkutubi akawatoa nje wote wawili. Huko nje ubishi ukaendelea, ukageuka mazungumzo, na mazungumzo yakazaa kikundi.

Walituachia kanuni moja tu, nayo ni kubadilishana. Siku ya kuonyesha kazi, mtu wa mashine ndiye anayeeleza maneno, na mtu wa maneno ndiye anayeeleza mashine. Asiyeweza kuieleza sehemu ya mwenzake, kazi yao haijaiva. Kanuni hii imetuchekesha mno. Kuna mwenzetu wa kompyuta alipewa kueleza shairi la maombolezo, akasimama akijikuna kichwa, halafu akauliza kama marehemu hawezi kuzimwa na kuwashwa upya. Ukumbi ulivunjika mbavu. Lakini baadaye alikwenda kulisoma lile shairi peke yake, na hajalitania tena.

Katika mwaka wa tatu wa kikundi alijiunga kijana wa historia tunayemwita Breki. Jina hilo hatukumpa sisi. Alipewa na mjomba wake, dereva wa lori, aliyesema, "Huyu mtoto ana breki kuliko gari langu." Breki alikuja nalo na akalicheka kabla hatujalicheka, kwa hiyo likakaa.

Mtu mwenye kigugumizi hujifunza kukwepa. Akiona neno gumu linakuja, hulizunguka na kupitia lingine. "Mwalimu" likimgomea atasema "yule anayetufundisha"; "kesho" likimkaba atasema "kukicha". Ndiyo maana Breki ana maneno mengi kuliko sisi sote, na tukikwama katika kuandika tunamwendea yeye. Kinachomshinda ni majina tu, kwa sababu jina huwezi kulizunguka.

TULICHOFANIKIWA

Mafanikio yetu makubwa unayajua, mgeni rasmi. Ni ile mashine inayosikiliza mtu akizungumza na kumpa alama za ufasaha. Jozi iliyoitengeneza ni Breki na Waya. Waya ni binti wa kompyuta ambaye hatujawahi kumwona bila nyaya shingoni, na siku moja aliingia nazo kanisani akakumbushwa na padri.

Walitaka kuwasaidia wanafunzi wanaotetemeka mbele za watu, ili kila mmoja ajizoeze chumbani kwake bila aibu. Waya aliunda mashine, Breki akachagua sauti za kuifundishia. Aliokota za watangazaji, wahubiri na mabingwa wa mdahalo. Siku nzima alikaa na spika za masikioni, macho ameyafumba, akitabasamu peke yake. Anaipenda lugha inayotiririka kama mtu mwenye njaa anavyopenda harufu ya jiko la jirani.

Waya alimuuliza mbele yetu, "Na ya kwako je? Mbona hujaweka?"

"Ya kwangu ya nini?" Breki akajibu. "Tunaifundisha ufasaha. Hatuifundishi a-a-ajali."

Tulicheka, mgeni rasmi. Tulicheka kwa sababu yeye alicheka. Hakuna aliyerudia lile swali, na swali lilikuwa zuri.

Breki ndiye pia aliyetunga maneno ambayo mashine huyaandika mwishoni. Mtu akienda vizuri huandika, "Msemaji anatiririka." Akikimbia, "Msemaji, punguza mwendo, hufukuzwi na mtu." Na anayenyamaza mara kwa mara katikati ya sentensi huandikiwa, "Msemaji hajajiandaa." Ilimchukua muda kuipata sentensi hiyo. Alisema ni fupi na haimtukani mtu.

Ikafika siku ya maonyesho, na wewe ukiwa mgeni wetu. Kwa kanuni yetu, Breki ndiye aliyepaswa kusimama mbele yako aieleze mashine, na mashine imsikilize. Tulikaa kikao tukamwonea huruma. Tukasema, leo kuna Mkuu wa Chuo, kuna kamera, tusimtese mwenzetu. Waya akazungumza kwa niaba ya wote wawili. Breki alisimama kando ameshika waya mmoja ambao haukuhitaji kushikwa.

Tuliivunja kanuni yetu siku ileile tuliyoihitaji zaidi. Angezungumza Breki, mashine ingemwandikia hajajiandaa mbele yako na mbele ya ukumbi mzima, na kasoro yake ingejulikana saa hiyohiyo. Badala yake wewe ulisimama ukasema, "Kitu kama hiki kisiishie kwenye maonyesho." Chuo kikatii neno lako, na muhula uliofuata mashine ikawa kwenye vyumba vya mitihani ya kuzungumza. Tulijivuna. Tulibandika tangazo la chuo mlangoni petu, na bado lipo.

KILICHOTUKWAMISHA

Changamoto yetu, mgeni rasmi, ni hayo mafanikio tuliyoyataja.

Breki alifanya mtihani wake wa kuzungumza mwezi uliopita. Mada yake ilikuwa king'ora cha kiwanda, jinsi kilivyowafundisha watu wa kawaida kuamka, kula na kulala kwa haraka ya mtu mwingine. Tunaijua mada hiyo mpaka imetuchosha, kwa sababu alitusomea sote, mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa hata kwa maswali ambayo hakuna mtu ambaye angeyauliza.

Alizungumza mbele ya mhadhiri wake na mbele ya mashine aliyoifundisha mwenyewe. Mhadhiri aliandika, akatikisa kichwa kwa kukubali, akacheka panapochekesha. Mashine ikatoa alama zake, na chini yake ile sentensi: Msemaji hajajiandaa.

Mhadhiri aliisoma. Kisha akamwambia, "Kijana wangu, mimi nimekuelewa neno kwa neno. Ila safu hii sijazi mimi."

Bila alama ya ufasaha mtu hafaulu somo hilo, na asiyelifaulu haendi mwaka wa mwisho. Baraza linakaa wiki ijayo kupitisha matokeo.

Alikuja chumbani kwetu akakaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Akamwambia Waya, "Imeniambia sijajiandaa." Waya alikaa sakafuni katikati ya nyaya zake akalia, halafu akafuta machozi kwa mkono wa shati na kuvuta kompyuta.

"Naiandikia ikujue wewe," akasema. "Ikisikia sauti yako tu, isikukate alama. Nipe siku mbili."

"Na wa mwaka kesho?" Breki akauliza. "Huyo nani a-ta-ta-taijulisha?"

Waya akaifunga kompyuta.

Siku hiyo Breki alimpigia simu mama yake. Mama ni msusi, na simu huiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yake haiko huru, hivyo mteja naye husikia yote. Breki alitaka kusema amefeli. Neno likagoma. Alijaribu kulizunguka na kila njia ikamrudisha palepale. Mtu mwingine angesema mtandao umekatika.

"Nipo, baba," mama akasema. "Nina kichwa kizima cha kusuka hapa, na mteja haendi popote. Sema taratibu."

"Mwambie amalizie," mteja akadakia, "na mimi nataka kujua."

Akamaliza. Mama akasuka msuko mmoja mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hiyo mashine, haikukusubiri?"

"Haijui kusubiri, mama."

"Kwani aliifundisha nani?"

Hapo Breki alinyamaza tena, na safari hii hakukuwa na neno lililogoma. Alitueleza baadaye kwamba hajawahi kuona aibu namna hiyo, wala hajawahi kupendwa namna hiyo, yote mawili katika simu moja. Mama yake yuko hapa ukumbini, safu ya tatu. Wateja wa leo amewaambia waje kesho.

TUNAYOOMBA

Kikundi kingine kingekuomba viti. Sisi viti tunavyo, na hata vibovu tumeshavizoea, tunajua kipi kinaangusha.

Ombi letu ni kwamba utunyang'anye mafanikio yetu. Iondoe mashine yetu kwenye vyumba vya mitihani, irudi stoo kwetu. Huko tutaifundisha upya, tuisikilizishe watu tuliowasahau: wenye kigugumizi, waliojifunza lugha hii ukubwani, wenye machozi karibu, na wale wanaofikiri kwanza ndipo wafungue mdomo. Sauti ya kwanza itakuwa ya Breki. Amekwisha kuirekodi. Mpaka siku itakapojua kusubiri, alama za ufasaha zirudi kwa wahadhiri, ambao Mungu amewapa masikio.

La pili, tunaomba mtihani wa Breki usikilizwe upya na mtu kabla baraza halijakaa. Hatuombi aonewe huruma. Huruma ndiyo iliyotufikisha hapa. Asikilizwe, na akivurunda, afeli kama wengine wanavyofeli.

Tunajua tunakuomba jambo zito, kwa sababu uliisifu mashine hii mbele ya watu na si rahisi kurudi nyuma mbele ya watu walewale. Hatukulaumu. Wewe ulipigia makofi ulichoonyeshwa. Aliyefichwa tulimficha sisi.

Tena hatuhitaji shahidi wa kutuunga mkono, shahidi wetu ni wewe mwenyewe. Kama umefika nasi hapa, umemsikiliza Breki kwa muda mrefu kuliko mashine ilivyomsikiliza. Umeona alivyosimama na umeona alivyoendelea. Jiulize tu, mgeni rasmi, kama kuna mahali hukumwelewa, na kama mtu huyu hakujiandaa.

DUA

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, na katika umri huo akupe watu wanaokungoja umalize. Awabariki wahadhiri wetu, awabariki wazazi, na ampe mama msusi mikono isiyochoka.

Limebaki jina letu. Tulimwambia Breki kwamba hapa tutasimama wote tulitamke kwa sauti moja, limpite, kwa kuwa majina ndiyo yanayomshinda. Akakataa. Akasema, "Hilo niachieni." Basi tumemwachia, na tunakuomba usubiri naye.

Sisi ni wanao,

Kikundi cha Kalamu na Kompyuta.