Maji Yaliyobaki Kwenye Injini

Injini ya boti ya matembezi ya Verlyn ilipasuka kwa baridi usiku, na mnunuzi alikuwa anakuja mchana. Ndani ya basi la kutoka ziwani, katika mji wa baridi wa Duluth, Verlyn alimsimulia mama aliyeketi ubavuni pake, asiyemjua, maana moyo haukutulia.

“Hukutoa maji kwenye injini kabla ya barafu?” mama akashangaa. “Hata mtoto wa hapa anajua maji yakiganda hupasua chuma!”

“Kuyatoa ni kukubali kiangazi kimekwisha, dada. Mke wangu anataka tuuze. Mimi nilikuwa bado naamua.”

“Basi baridi imekuamulia, kaka. Huyo mnunuzi utamwambia?”

“Ufa hauonekani mpaka uiwashe.”

“Sikukuuliza hilo.”

Basi likasimama kituoni pa Verlyn kushukia. Injini imekwenda; akisema ukweli, nusu ya bei nayo itakwenda; akinyamaza, jina lake jema ndilo litakalokwenda.