Miaka Kumi na Mbili ya Jiwe Moja

Bwana Humoud bin Ayoub anaaga kazi Alkhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, baada ya kuitumikia idara yetu ya turathi hapa Ibra kwa miaka thelathini na tatu. Kati ya hiyo, kumi na mbili ilikwenda kwa jiwe moja. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu na nitajaribu, lakini mtu huyu kanichosha, na nyinyi mliofanya kazi naye mnajua nasema nini.

Aliajiriwa mwaka 1993 akiwa mpimaji. Vibao vya historia mnavyoviona kando ya barabara zetu, vya ngome, vya misikiti ya kale, vya mifereji ya maji, vingi vimepita mikononi mwake. Kusafiri naye ni adhabu. Chini ya kiti cha gari ana kitambaa cha manjano, na kila akikiona kibao chetu lazima ateremke akifute vumbi. Kutoka Ibra mpaka Bidbid tunavyo kumi na kimoja. Mara mbili tumefika Nizwa fundi wa mawe keshafunga duka, na Ami Humoud, maana ndivyo ninavyomwita, hana hata habari. Hunambia kesho ipo.

Sasa jiwe lenyewe. Mwaka 2014 tuliamriwa tuweke kumbukumbu Wadi Sidra, bonde la mto mkavu upande wa Al Qabil, mahali walipopigana watu wa juu ya wadi na watu wa chini yake katika vile vita vya wenyewe kwa wenyewe vya zamani. Walikufa watu kumi na sita, wote majirani, na wamezikwa pamoja kwenye ukingo wa shamba la mitende. Shamba ni la Sheikh Bader, wa ukoo wa chini. Bila ya idhini yake hapawekwi hata kokoto.

Tukenda kumwomba, mimi na Ami Humoud. Mimi nilikuwa kijana, na cheti changu cha chuo bado kina harufu ya wino. Njiani akanieleza, na akanirudilia, kwamba ukenda kwa mtu na haja, finjani ya kwanza ya kahawa unaiweka chini huigusi mpaka akuulize una nini na akujibu. Ukiinywa, umemwambia huna haja. Nami muda wote nilikuwa naitikia naam, naam, macho kwenye simu.

Kwetu sisi, watu tuliolelewa na wazee waliorudi kutoka Unguja, kahawa ikija hunywewa. Kuiacha ipoe ni kumkosea mwenye nyumba. Basi Ami Humoud akaweka finjani yake chini, akakohoa kidogo ajiandae kusema, na mimi nikanywa yangu mpaka tone la mwisho, nikaitikisa kwa adabu kuonyesha nimetosheka. Sheikh Bader akanitazama, akatazama ile finjani ya mwenzangu, akaanza kuzungumza habari za mvua. Akazungumza habari za tende. Ukaletwa udi, tukafukizwa, na ndiyo ruhusa ya kuondoka. Ami Humoud aliendesha mpaka Ibra bila ya kuteremka kufuta hata kibao kimoja, na mimi, mjinga, nikadhani kachoka.

Kumbe nimeharibu. Sheikh aliona tumemfanyia mzaha ndani ya nyumba yake, mmoja ana haja na mwenzake hana, na jambo lile halikuwezekana kutajwa tena mbele yake. Ilichukua miaka minne kulirudisha. Ami Humoud akawa anakwenda Al Qabil kila Ijumaa kwa gari yake mwenyewe: huyu kafiwa, yule kaozesha, huyu mgonjwa. Hakuomba kitu. Alikaa, akanywa, akarudi. Nilikuwa nikimwona anaondoka najisemea mzee huyu hana shughuli. Mwaka 2018, Sheikh mwenyewe ndiye aliyemuuliza kama lile jiwe bado tunalitaka.

Katikati ya miaka hiyo wakubwa walitaka kujua kwa nini kazi imekwama. Ami Humoud aliandika mstari mmoja: “Ucheleweshaji umetokana na mimi, Humoud.” Mwaka 2016 nafasi ya mkuu wa kitengo, ambayo kila mtu alijua ni yake, nikapewa mimi. Nikampelekea halua. Akala, akanipa mkono, akanambia nikumbuke kukagua kibao cha Manah, kimepinda.

Nilikuja kuuona mstari ule mwaka uliofuata, faili lilipoletwa mezani kwangu. Nilijua ninalopaswa kufanya. Sikulifanya. Nililifunga faili nikamwita Ami Humoud, nikamgombeza juu ya mambo mengine.

Na hakuacha kuniudhi. Idhini ilipopatikana, kila ukoo ukataka jiwe liseme wao ndio walioshinda. Mimi nikasema tuandike lolote tumalize. Yeye akakataa: majina kumi na sita, safu moja, bila ya mshindi, kwa mpango wa herufi. Jiwe la kwanza lilikosa jina moja, akalirudisha Nizwa. La pili nilimwamuru mkandarasi aliweke karibu na kituo cha mafuta, magari yapate pa kusimama, na Ami Humoud akaliondoa, akaniandikia mimi, mkuu wake, barua kwamba kituoni hakufa mtu. Nilikasirika wiki nzima. La tatu limesimama tangu Februari, pale walipo wenyewe. Siku ya kulifunua, wazee wa juu na wa chini walisimama mstari mmoja wakasoma Fatiha, na Sheikh Bader alikuwa kamshika Ami Humoud mkono hakumwachia.

Miaka michache nyuma, harusini hapa Ibra, Bi Kudura, mkewe Ami Humoud, alimwambia mama yangu kwa masikitiko kwamba mumewe kapitwa na watoto kazini kwa sababu ya uzito wake wa kutenda, na kwamba alishachoka kumsema. Mama alinihadithia mezani. Niliinama nikaendelea kula, na aibu ile haijanitoka mpaka leo.

Jumapili nimempelekea mkurugenzi barua kwamba mstari ule si wa kweli, na uchelewaji wa miaka minne ulikuwa wangu. Ami Humoud hajui. Anajua sasa, pamoja nanyi mlioshika karatasi hii, na atakuwa keshakunja uso.

Idara inakushukuru, Ami, kwa kila kibao kilichosimama mahali pake. Mungu akupe afya na umri mrefu, na usingizi wa mchana ambao kwetu hukuupata. Risala ya Kiarabu ataisoma mkurugenzi. Hii nimeiandika Kiswahili kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa upande wa kina mama. Shikamoo, Bi Kudura. Mumeo hakupitwa. Aliniona naja kwa pupa, akanipisha, na miaka kumi hakukwambia hata wewe.

Maen bin Muatasim, Mkuu wa Kitengo