Mzee Wembe na Kaburi Alilolifuta Kwenye Ramani

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Wembe, alizaliwa tarehe 9 Juni 1944 hapa hapa bondeni tuliposimama, wakati huo pakiwa kijiji. Alikuwa kitinda mimba. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, akazikwa hapa. Baadaye mto ulifurika, watu wakahamia mlimani, na bonde likapandwa miti.

Alisoma huko mlimani, kisha chuo cha upimaji, na mwaka 1966 akaajiriwa ofisi ya ramani kama mchoraji. Jina la Wembe alilipata kwa ufundi wake wa kukwangua wino bila kuchubua karatasi. Siku moja ikamfikia mezani ramani ya kwao. Mkuu wake akasema, "Hapo siku hizi ni msitu. Futa." Kazi ni kazi. Akafuta nyumba, akafuta njia ya kisimani, akafuta na kimsalaba kilichoonyesha makaburi. Tangu hapo, kila palipotulia, alimsikia mama yake akiuliza: "Mwanangu, mimi niko wapi?"

Mwaka 1971 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani asiyevumilia fujo. Akimkuta ametandaza ramani kitandani humwambia, "Baba watoto, leo nilale wapi, mtoni au mlimani?" Baba hucheka mpaka machozi.

Alipostaafu alirudi humu msituni mara nyingi kulitafuta kaburi. Wapi! Alihitaji ramani ya zamani, iliyochapwa kabla ya wembe wake. Ofisini walisema zilichomwa. Nakala yake mwenyewe ilipotelea nyumbani, akaitafuta mpaka darini.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Hospitalini alimshika mama mkono: "Msinizike mbali na mama yangu." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Kesho yake mama alifungua droo kumtolea shati la kuzikwa nalo. Chini ya mashati palikuwa na karatasi kubwa aliyoitandika mama mwenyewe zamani kuzuia vumbi. Akaigeuza. Kijiji chote kilikuwemo, na kimsalaba chake. "Jamani, mimi nilidhani ni karatasi tu," akasema, akaketi sakafuni akalia. Baba alikuwa akichukua shati juu yake kila asubuhi.

Mpimaji aliyefundishwa kazi na baba ndiye aliyetufikisha hapa kwa ramani hiyo. Tulipofyeka tuliliona jiwe la bibi, jina lake bado linasomeka.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu. Mungu ampe pumziko la amani.

Na wewe bibi, umeuliza miaka mingi. Uko hapa, na mwanao tumemleta.