Bultu na Vitabu Vilivyokwenda kwa Saraswati

Kwenye kona ya kichochoro kimoja kaskazini mwa Kolkata kuna baraza ya saruji, ya nyumba kongwe ambayo mwenyewe keshachoka kufukuza watu. Hapo ndipo kijiwe kilipo. Dada Shefali anapika chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukutoa machozi, anaimimina kwenye vikombe vya udongo, na ukimaliza unakitupa kikombe pipani kivunjike. Aliyeshindwa hoja hukitupa kwa nguvu zaidi, ndiyo maana pipa la Shefali lina kelele kuliko soko la samaki. Wakongwe wa baraza ni wawili. Kuna kaka Nimai, wanamwita Jaji, maana miaka yote alikuwa akibeba mafaili mahakamani na hukumu zikamwingia damuni. Na kuna Haradhan, Daktari Vidonge, anayeuza vile vidonge vidogo vya sukari vya kutibu kila kitu isipokuwa njaa. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu. Wasichana walikuwa wanapita na sari zao za manjano, vipaza sauti vinapiga kelele kila mtaa, na Bultu, fundi wa feni, akaja kijiweni uso umesawijika kama kafiwa.

– Vipi tena? akauliza Jaji. Sikukuu yote hii wewe umenuna?

– Kesho mtihani, kaka. Sayansi asubuhi, historia mchana.

– Si ukasome!

– Nitasoma nini? Vitabu vyote nimempelekea mama Saraswati, kwenye sanamu yake pale klabu ya mtaa. Viko miguuni pake, vimefunikwa maua.

Loh! Shefali akaacha kukoroga chai. Kila mtu mtaani anajua kwamba siku ya Saraswati mwanafunzi anampelekea vitabu avibariki, na kuanzia hapo ni mwiko kusoma hata herufi moja mpaka ibada ya kesho yake iishe. Watu wenye akili hupeleka kitabu kimoja, kile kinachowasumbua. Bultu vilimsumbua vyote, akapeleka vyote.

Tusimcheke sana. Mwaka juzi Bultu na mkewe Kakoli walijiandikisha pamoja kufanya mtihani wa darasa la kumi, ule wa watu wazima. Kakoli akafaulu. Bultu masomo mengine alipita, ila hayo mawili yakamwangusha, akarudia, yakamwangusha tena. Karatasi ikitua mbele yake, kila alichosoma kinakula kona. Mwaka jana alirudisha karatasi nyeupe pe, jina lake tu juu. Sasa binti yao Tuktuki mwakani anaingia darasa la kumi. Bultu akianguka tena, baba na mtoto watafanya mtihani mmoja, na hilo lilikuwa linamkosesha usingizi.

– Sikiliza, akasema Jaji, akanyoosha kidole kama anasoma hukumu. Mwiko ni kusoma. Kusikiliza si mwiko. Sisi tutakufundisha kwa mdomo. Daktari, wewe shika sayansi, mimi nina historia.

– Mungu wangu, akasema Shefali, na akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

– Tunaanza na mfalme Ashoka, akasema Jaji. Ashoka alilelewa na mjomba wake, Chandragupta.

– Babu yake, kaka, akasema Bultu. Chandragupta alimzaa Bindusara, Bindusara akamzaa Ashoka.

– Wewe unamjua babu gani anamwachia mtoto fujo namna ile? Yule alikuwa mjomba! Haya, akaenda vitani Kalinga, akashinda, halafu akaacha vita kabisa. Kwa nini?

– Aliona maiti...

– Tembo! Tembo walikula mpaka hazina ikakauka. Akafanya hesabu, akasema jamani, amani ni nafuu.

– Siyo hivyo hata kidogo! Bultu akageuka mzima mzima. Aliona watu walivyokufa kwa maelfu, roho ikamuuma, akafuata mafundisho ya Buddha. Akaandika mwenyewe majuto yake kwenye mawe, kaka! Mfalme mzima anaandika kwamba anajuta!

– Unajua tatizo lako? Unabisha sana. Daktari, mchukue.

Daktari Vidonge akakohoa, akaweka kikombe chini.

– Sayansi. Mti unakula nini?

– Unajitengenezea chakula, akasema Bultu.

– Unakula udongo! Kama mke wangu alivyokuwa akila udongo na mimba ya kwanza. Ndiyo maana chini ya mti mkubwa ardhi imebonyea.

– Acha kamba, Daktari. Jani linachukua maji na hewa ile tunayoitoa sisi, linapata mwanga wa jua, linatengeneza sukari. Oksijeni inabaki, inatoka, ndiyo tunayovuta.

– Sukari? Daktari akashtuka. Umesema sukari?

– Ndiyo, sukari.

– Basi nimeelewa! Ndiyo maana majani yanakauka na kudondoka. Kisukari! Mji huu mpaka miti ni wagonjwa. Nitatengeneza kidonge, nikizike kwenye shina.

– Yanadondoka kwa sababu... Bultu akajishika kichwa. Dada Shefali, niletee chai nyingine.

– Na yai la kukaanga?

Wote watatu wakaruka.

– Yai! Unataka kumuua mtu? akafoka Jaji. Mwanafunzi wa mtihani anakula yai? Yai lina umbo gani?

– La sifuri, akajibu Shefali kwa unyonge. Nisameheni, nilipitiwa.

Alipokwenda kuchota maji kwenye mtungi wake wa udongo, Daktari akamkodolea macho.

– Hapo hapo! Swali la mtihani. Maji ya mtungi yanakuwaje baridi bila umeme?

– Naweza kulijibu mimi, akasema Jaji. Udongo ule ni wa mto Ganga. Ganga inatoka milima ya theluji. Udongo una kumbukumbu.

– Umekaribia, akasema Daktari. Ni tone moja tu la theluji, limechanganywa na mto mzima. Kadiri linavyozidi kuwa dogo ndivyo nguvu inavyozidi, kama dawa zangu.

– Mnaniua nyinyi! Bultu alikuwa kasimama sasa, mikono hewani, chai inamwagika. Mtungi una vitundu! Vidogo, huvioni! Maji yanapenya kidogo kidogo, nje yanageuka mvuke, na mvuke ule ukiondoka unaondoka na joto. Gusa tumbo la mtungi. Si limelowa? Sasa hiyo kumbukumbu iko wapi?

Jaji akagusa, akatazama vidole vyake vilivyolowa, akajifanya anavifuta kwenye shali.

– Rufaa imekataliwa, akasema. Twende Harappa. Mji wa kale, mifereji mtaa mzima, na mji wa pili, Mohenjo-daro, una bwawa la kuogea pamoja. Watu wanaoga pamoja halafu wanakaa kupiga soga. Hao ni sisi! Wabengali watupu!

– Ni bonde la mto Indus, kaka! Huko magharibi kabisa, nje ya nchi!

– Walihamia huku. Samaki wa kule walikuwa wabaya.

– Hilo naunga mkono, akasema Shefali.

– Na waliacha maandishi, akaendelea Jaji, ambayo mpaka leo hakuna aliyeyasoma. Unajua kwa nini? Ni mwandiko wa daktari.

– Unanitukana mimi? akauliza Daktari Vidonge.

– Maandishi yao hayajasomeka kwa sababu ni mafupi mno, akasema Bultu, na hatujapata jiwe lenye lugha mbili la kulinganishia! Kaka Nimai, kwa heshima zote, kila ulichosema tangu asubuhi ni uongo mtupu!

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa Kakoli, sari ya manjano, sahani ya matunda ya ibada mkononi. Haijulikani alikuwa amesimama pale tangu lini. Bultu akaona haya, akakaa.

– Shikamooni, kaka zangu, akasema Kakoli, akiwagawia vipande vya matunda. Nina swali moja dogo tu. Katika nyinyi walimu, nani alimaliza darasa la kumi?

Jaji akainua macho kutazama kishada kilichonasa kwenye nyaya. Daktari akaanza kupuliza chai iliyokwisha poa.

– Mimi niliishia la nne, akasema Shefali, lakini sikufundisha mtu.

– Basi hawa walipokuwa wanakosea, akauliza Kakoli, aliyekuwa anawasahihisha ni nani?

Polepole macho yote yakamgeukia Bultu.

– Nilikuwa nabisha tu, akasema Bultu, sauti ndogo.

– Umebisha sayansi yote na nusu ya historia, bila kitabu, mbele ya watu, na chai umemwaga. Sasa wewe unaogopa karatasi? Kesho kila swali lisome kwa sauti ya kaka Nimai. Halafu mbishie.

Jaji akavimba kifua. Hakuna aliyewahi kumpa kazi kubwa namna ile.

– Kabishe, mdogo wangu, akasema. Nimekuruhusu. Na akakitupa kikombe pipani kwa nguvu ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia.

Kesho yake Bultu aliingia ukumbini na tone la mtindi la bahati kwenye paji la uso, Kakoli kampaka kwa kidole chake mwenyewe. Tumbo halikuwa na yai. Asubuhi ya sayansi alimbishia Daktari habari za miti na mtungi mpaka mkono ukauma. Mchana karatasi ya historia ikatua. Swali la kwanza: Kwa nini Ashoka aliacha vita? Maneno yakaanza kukimbia kama kawaida yao, jasho likamtoka. Mara akamsikia kaka Nimai sikioni mwake, kidole juu: tembo, bwana, tembo walimaliza hazina!

Bultu akaandika: Hapana, kaka. Akacheka peke yake hadi msimamizi akamkata jicho. Akayafuta maneno hayo, akainama, akaandika, akaandika, na kengele ya kumaliza ikiwa bado mbali alinyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada.