Mama Rula Aweka Kalamu Chini, Safari Hii Kweli

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Rula anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika chumba cha ramani cha Idara ya Maji. Wenzake wasilaumiwe wakisita kuamini. Wasifu wake wa kumuaga umekwisha kuandikwa mara mbili, na mara mbili umerudishwa kabatini, kwa sababu uongozi ulimwomba aongeze mwaka mmoja tu, naye akaona haya kukataa.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, mchoraji wa ramani za mabomba. Jina la Rula alipewa na mafundi, waliodai kwamba hata chai huikoroga kwa mstari ulionyooka. Mabomba ya zamani, yale yaliyofukiwa kabla ya ramani kuchorwa, yamo kichwani mwake tu.

Kazi hiyo ingemtosha mtu mmoja. Yeye alilinda goli la timu yetu ya mpira wa pete kwa misimu kumi na mitano, na magoti yake bado yanasimulia. Picha ya mto iliyo ukutani penye ngazi, ambayo wageni hudhani ililetwa na mkandarasi, aliichora yeye kwa rangi zilizobaki baada ya kupaka matangi. Bendi ya wafanyakazi nayo ni mtoto wake wa kulea, ingawa hajui kupuliza hata filimbi. Aliipa chumba cha ramani ifanyie mazoezi, akaiombea tarumbeta kuukuu kwenye shule anayofundisha dada yake. Mpiga ngoma husema mlezi wa kweli ni yule anayebaki chumbani tarumbeta zikianza. Wake za wanabendi walishindwa.

Halafu kuna sataranji. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa ya chakula, hupanga mbao nane kwenye meza ndefu ya ramani akacheza na watu wanane kwa pamoja, akihama ubao hadi ubao. Mwaka huu alianza kuhama kwa kusukumwa kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu. Dereva alimtania kwamba sasa naye ni gari la idara. Alimjibu kwamba magari ya idara hupewa siku ya gereji.

Mwezi uliopita, mchezo ukiendelea, karani mdogo kuliko wote, ambaye ndiye aliyeandika haya, alitumwa na mkurugenzi ampelekee barua ya kumwomba mwaka wa tatu. Aliiweka kando ya ubao. Mbao saba zilikuwa zimekwisha, na kwenye wa nane mhasibu alikuwa hana pa kukimbilia. Chumba kizima kilijua kilichomo ndani ya bahasha, na watu wakaacha kutafuna. Tuseme kweli: wengi wetu tulikuwa tunaomba akubali.

Aliisoma mara moja. Kisha akamlaza mfalme wake ubaoni, akimwachia mhasibu mchezo ambao mhasibu alikuwa ameshaupoteza.

"Mwanangu," akasema, "hata kushinda kunachosha. Mwambie bosi nimekataa. Tena mwambie kwa sauti, usiende kunong'ona."

Karani alipanda ngazi akilirudia neno hilo lisije likampotea njiani. Mkurugenzi aliuliza kama mama alionekana amekasirika. Akajibiwa, kwa sauti, kwamba alionekana amechoka. Ndipo akaisaini barua ya kustaafu iliyolala mezani pake tangu mwaka juzi.

Mama Rula, tunakushukuru, na tunakuomba radhi kwa ile miaka miwili ya nyongeza. Fundi mkuu ameapa mbele ya watu kwamba hatakufuata nyumbani kuulizia mabomba, hata ikibidi achimbe barabara nzima. Uwe na maisha mema, Mama. Lala mpaka uchoke kulala.