Jaketi Lililopunguzwa Kiuno

Asije mtu akakwambia vingine: mimi nilikuwepo, na niliona kwa macho yangu haya mawili. Benchi letu liko nje ya duka la Fundi Pima, mshonaji anayejua kiuno chako kwa kukutupia jicho tu. Asubuhi ile alirudi kutoka mtoni akitembea kama aliyekanyaga siafu, akalibwaga mezani jaketi jekundu la kuelea. Lilikuwa la binti wa dada yake, anayeendesha kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha plastiki, kwenye maji ya kasi. Mchana huo ndio alikuwa ashuke maporomoko yote kwa mara ya kwanza.

— Mwalimu wake wa kayaki kanifokea mbele za watu! alisema Fundi. Mimi! Eti nimeshona sanda!

— Kisa nini? aliuliza Grisi, fundi baiskeli wa jirani.

— Kisa nimelipunguza. Lilimvimbia mtoto kama godoro lililofungwa kamba! Nikafumua, nikatoa sponji, nikabana mbavuni. Tazama kiuno hicho! Utasema anakwenda harusini.

Mstaafu, mlinzi wa zamani wa bohari, alipuliza kahawa yake.

— Sponji si ndiyo inayoelea?

— Usinichefue, mzee! Mtu huelea kwa pumzi. Bata umemwona na sponji?

— Fundi kasema kweli, Grisi akadakia. Haba na haba hujaza kibaba. Kila sponji ikitoka, mtoto anapungua uzito. Mwepesi hazami. Hesabu hiyo, wala haitaki shule.

— Na baridi je? aliuliza Mstaafu. Maji yale yanatoka mlimani, yanauma kama meno.

— Hapo ndipo alipozidi kunitia wazimu! Nimemshonea binti fulana mbili za pamba, nzito, pamba safi. Mwalimu anaziminya kwa vidole, anasema pamba ikilowa inamnyonya mtu joto, avae sufu, au ile suti ya mpira inayobana. Mpira! Mwanangu ni tairi?

— Mpake grisi, alisema Grisi. Beringi ya gurudumu inalala kwenye grisi mwaka mzima. Umeshaisikia ikitetemeka?

— Acheni upuuzi, alisema Mstaafu. Dawa ya moto ni moto. Basi dawa ya baridi ni baridi! Mtoto alowane kabla hajaondoka nyumbani, maji ya mto yamkute keshazoea.

— Ndiyo hayo! Fundi alipiga meza, vikombe vikaruka. Yule mwalimu kasoma nini kutushinda sisi?

Alipiga kelele hivyo kwa sababu moja, na hakuitaja. Mwalimu, tulikuja kuambiwa baadaye, alilitupa lile jaketi mtoni mbele yake. Lilielea kidogo, likainama upande, likaanza kwenda chini polepole na kiuno chake kizuri, mpaka wakaliopoa.

Binti akatokea kona ya duka, nywele mbichi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu wote, wapole ghafla.

— Mjomba, mwalimu kanikataza nisiingie na hilo. Nimemwambia mjomba wangu hajawahi kuniharibia nguo. Ukisema linafaa, navaa naingia.

— Linafaa! alisema Grisi.

— Nimemuuliza mjomba. Ila nyote niambieni: nikipinduka pale penye mawe, nani kati yenu atarukia kunitoa?

Mkono wa Mstaafu uliinuka nusu, ukaishia kukuna kisogo. Grisi akatazama ndani ya kikombe. Fundi alizaliwa kando ya mto ule, na maji yake hayajawahi kumpita magoti.

Akanyoosha mkono, akachukua mkasi mkubwa. Alilikata jaketi bega hadi kiuno, mshono wake mwenyewe, kwa hasira ya mtu anayechinja.

— Mjomba! Umefanya nini?

— Huendi leo! Kasirika! Ninunie mpaka uchoke, lakini utaninunia ukiwa hai!

Binti alilipiga benchi teke, akaondoka analia. Fundi alibaki na vile vipande mapajani, kisha akatugeukia.

— Na nyie mnatazama nini? Kahawa hamjamaliza?

Yote hayo niliyaona, naapa. Ule mkono wa Mstaafu tu ndio nimeuongeza, nililionea haya benchi letu. Hakuna mkono ulioinuka. Hata wangu.